Jiwe la 43

Baba mdogo alinifundisha namba kwa mawe ya barabarani. Mwaka 1984, nikiwa na miaka minane, tulitoka Isansa alfajiri kwa mguu, yeye na begi lake la safari begani, mimi na chupa ya chai, tukafika kwenye lami jua limeshapanda juu ya mikahawa. Pale alipozoea kusubiri lori la kumchukua palikuwa na jiwe la zege, kimo cha mtoto aliyechuchumaa, limepakwa chokaa na ubavuni limeandikwa 43. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akauliza, arobaini na tatu ya nini? Nikakaa kimya.

"Kilometa za kwenda Tunduma," akasema. "Ukitembea ukakuta 42, unakwenda Zambia. Ukikuta 44, unakwenda Mbeya. Hapa mtu hapotei, mwanangu, labda apende mwenyewe."

Nilitaka kuhakikisha. Alipogeuka kuzungumza na mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi, nikashika ukingo wa lami upande wa Tunduma, nikatembea, nikatembea, mpaka nikaona kitu cheupe ndani ya majani. Nikayasogeza kwa mikono. 42. Nikarudi mbio kumweleza kwamba hakunidanganya, nikakuta lori limeshapita na Dar es Salaam imemchukua. Mama wa ndizi ndiye aliyeachiwa kazi ya kunirudisha nyumbani, na alinisema njia nzima. Chupa ya chai ilikuwa juu ya jiwe, imefungwa vizuri, chai bado ya moto.

Wengine huugua mpira, wengine siasa. Mimi niliugua barabara siku hiyo na sijapona.

Baba mdogo alianza kazi mwaka 1968, utingo wa miaka kumi na minane. Zambia ilikuwa imebanwa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na mafuta ya kwenda kwenye migodi ya shaba, yaliyokuwa yakipitia huko, yakakatika. Ndipo malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, na kurudi na shaba, kwenye barabara ya udongo ambayo masika iligeuka uji. Waandishi wa Kiingereza waliipa jina la kutisha, njia ya jehanamu. Baba mdogo aliita kazi. Kazi ya utingo kwenye milima ilikuwa kuning'inia nyuma na gogo mkononi. Lori likisita, unaruka, unalisukumia chini ya tairi kabla halijaanza kurudi. Alikuwa na kovu kwenye ugoko lililofanana na ramani ya Ziwa Rukwa, na kila mtoto wa ukoo alikuwa na toleo lake la hadithi ya kovu hilo.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kufanya kazi mwaka huohuo wa 1968. Lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Wachina wakalaza reli ya TAZARA kandokando, kilometa 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, ikakamilika mwaka 1975. Kwa hiyo mimi nilizaliwa kila kitu kimeshakuwepo: barabara, reli na bomba, vitatu vimejipanga kwenye ushoroba mmoja kama ndugu wanaogombea kitanda. Sisi wa Isansa tulikuwa pembeni yao, tunasikia honi za malori usiku upepo ukiwa mzuri.

Alipopanda cheo akawa dereva, baba mdogo alifika hadi Lubumbashi. Pale mpakani Kasumbalesa upande wa kuendesha unabadilika: Zambia ni kushoto kama kwetu, Kongo ni kulia. Alikuwa anajifunga kitambaa chekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia akivuka, ili macho yakiteremka kwenye usukani yakumbuke ni nchi gani. Safari moja alirudi nyumbani bila kukivua, na bibi akalia usiku kucha akiamini mwanawe amekwenda kwa mganga.

Nyuma ya trela lake palikuwa na kibandiko cha umbo la yai chenye herufi EAT. Kwa miaka mingi nilidhani ni jina la tajiri wake. Baadaye nilijifunza kwamba ndizo herufi za kimataifa za gari letu, E na A kwa Afrika Mashariki, T kwa Tanganyika, na Zanzibar ina za kwake, EAZ. Muungano umevuka miaka 60, na malori bado yanaondoka Tunduma yakijitambulisha kwa jina la Tanganyika. Sijui kama kuna mwanasiasa aliyewahi kusoma makalio ya lori.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa jiografia alitundika ukutani ramani ya zamani ya Afrika Mashariki, imechanika kwenye mikunjo na kubandikwa kwa gundi ya karatasi. Nikatafuta Isansa. Haikuwemo. Nikatafuta barabara yetu, nikaikuta ni mstari mwekundu wenye namba A104, na nilipoufuata kwa kidole ulinitoa Tunduma, ukanipitisha Mbeya, Iringa, Dodoma, Arusha, ukavuka Namanga bila kubadilika, Nairobi, Nakuru, Eldoret, mpaka Malaba kwenye mlango wa Uganda. Sikuamini. Mtu angeweza kutoka pale kwenye jiwe la 43 akafika Uganda kwa namba moja tu! Nilikwenda likizo nimebeba habari hiyo kama barua ya kuitwa kazini.

Bibi hakushtuka. Kwake ilikuwa barabara ya magari, basi. Baba mdogo alisema ni TANZAM. Jirani yetu mzee, aliyewahi kumtumikia Mwingereza, aliiita kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni Barabara Kuu ya Kaskazini, na mimi nikamuuliza, kaskazini ya nani, mzee wangu, mbona sisi tuko kusini mwa nchi? Hakuwa na jibu, nami nilikaa miaka kabla sijalipata. Jina hilo lilitungwa na watu waliosimama Cape Town wakitazama juu kuelekea Cairo, na kwa aliyesimama kule, hata Isansa ni kaskazini. Dar es Salaam, barabara hiyohiyo ni Morogoro Road na watu wanaiwaza mpaka Kibaha tu. Ukiwa Lusaka, Tunduma ni kule barabara inakokwenda kuishia. Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika iliiingiza kwenye mtandao wa barabara kuu za bara uliopangwa kuanzia miaka ya 1970, ikawa sehemu ya njia namba 4, Cairo hadi Cape Town, zaidi ya kilometa 10,000. Na serikali yetu inaiita T1.

Ile A104 niliyoipenda imeshakufa. Kwetu ilipisha herufi T, na Kenya nayo ilipopanga upya namba zake mwaka 2016 ikaikata vipande viwili: kutoka Namanga kupita Nairobi kwenda Moyale ikawa A2, na kutoka Nairobi kwenda Malaba ikamezwa na A8 inayoanzia Mombasa. Nilisikitika, nasema kweli, kama mtu aliyesikia nyumba aliyosomea imebomolewa.

Ugonjwa wangu ulipata wenzake mjini Vwawa, wilayani kwetu Mbozi. Karibu na stendi kuna kijiwe tunachokaa jioni, watu wanne au watano, tunakunywa chai ya tangawizi ingawa wengi wetu tunalima kahawa. (Mbozi nzima iko hivyo. Kahawa ni ya kuuza.) Yupo tunayemwita Injinia, ambaye alistaafu akiwa fundi sanifu wa barabara na hajawahi kutusahihisha. Yupo Mwalimu, yuleyule wa ramani, sasa ana mvi na fimbo. Yupo kijana mwenye Noah ya abiria, anayejua kila shimo kwa jina. Na baba mdogo, akija mjini.

Jioni moja Injinia alichukua kijiti akachora mstari vumbini. "Hii ni T1. Tuondoke Dar. Chalinze inatoka T2, inakwenda Moshi, Arusha, Namanga. Twende. Morogoro inatoka T3, Dodoma, Singida, mpaka Rusumo. Twende. Iringa, T5 ya kwenda Dodoma na Babati. Makambako, T6 ya Songea. Mbeya, T8 ya Tabora na Mwanza. Tunduma, T9 ya Sumbawanga na Kigoma. Mnaona? Zinapanda kama ngazi."

Tukanyamaza. Ilikuwa nzuri mno. Miaka yote hiyo tunazitaja namba hizo moja moja, hakuna aliyeona kwamba zinaota kwenye T1 kama matawi kwenye shina, kwa mpangilio.

Mwalimu ndiye aliyetia mchanga kwenye pilau. "Na T4?"

"Iko Kanda ya Ziwa, Sirari, Mwanza, Bukoba. Haitugusi."

"T7?"

"Ya Lindi."

"Inayoanzia Dar. Kwa ngazi yako ingekuwa T2. Na Uyole je? Barabara ya Kasumulu, mpaka wa Malawi. Hiyo ni T10, na Uyole unaikuta kabla hujafika Mbeya mjini."

Injinia akautazama mchoro wake. Kijana wa Noah akasema, "Hiyo waliisahau, wakaikumbuka jioni," tukacheka mpaka mama wa chai akatoka kuangalia kuna nini. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona waraka unaosema namba ziligawiwa hivyo. Ngazi ile ni yetu wenyewe, na ina mashimo kama barabara ya Isansa mwezi wa tatu. Lakini mpaka leo siwezi kupita Makambako bila kusema moyoni: sita.

Pale mpakani mambo yanachekesha zaidi. T1 yetu inakwisha Tunduma, unapiga hatua kuingia Nakonde, na lami ileile inaitwa T2. Zambia nayo ina T1 yake, lakini hiyo iko kusini kabisa, inakwenda Livingstone. Herufi ni ileile, nchi mbili jirani zote mbili zinaendesha kushoto, na hakuna aliyemwambia mwenzake anahesabu kuanzia wapi.

Mwalimu hupenda kutukumbusha kwamba mpaka wenyewe ni mtoto wa barabara. Mwaka 1881, tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, alijitolea fedha za kukata njia kutoka Ziwa Nyasa kwenda Ziwa Tanganyika, ili bidhaa za kampuni ya Waskoti zipite kati ya maziwa hayo mawili. Njia hiyo haikuwahi kukamilika ipasavyo. Sehemu kubwa ilibaki kuwa uchochoro porini. Lakini ilikuwa na jina na ilikuwa kwenye ramani. Waingereza na Wajerumani walipokaa Julai 1890 kugawana nchi, Waingereza walishikilia kwamba barabara ya Stevenson ibaki upande wao, na mstari ukapitishwa kaskazini yake. Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali wakaamka wamegawanyika, wengine huku, wengine kule. "Barabara mbovu kuliko ya Isansa," Mwalimu humalizia, akinitazama mimi, "ila ilikuwa na mtu wa kuitaja mezani."

Maneno hayo yaliniingia, ingawa niliyaelewa baada ya kuharibu.

Msimu wa 2014 nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima. Tulichanga, tukakopa kidogo, tukaagiza Dar es Salaam mashine ya kumenya kahawa, mashine ya injini, siyo ile ya kuzungusha kwa mkono ambayo ilikuwa imewachosha wake zetu mabega. Ilipakiwa kwenye lori la msafirishaji fulani, nami nikapewa namba ya simu ya dereva. Alinipigia akiwa Mbeya, usiku, anauliza njia. Huyu hapa sasa mtu aliyeisubiri nafasi hiyo tangu 1984. Nikamwambia kwa sauti ya mkurugenzi: "Fuata T1 hiyohiyo, huna haja ya kufika T9. Ukiingia Mbozi nipigie, nitakuelekeza wapi pa kuacha lami."

Akasema sawa, bosi.

Kulikuwa na upepo, mtandao ulikuwa wa kuungaunga, na alichokisikia ni kwamba kuna T1 halafu kuna T9. Alifika Tunduma alfajiri, simu yangu haipatikani kwa sababu Isansa wakati huo ilibidi mtu apande kichuguu fulani ili apatikane. Akauliza watu T9 ni ipi. Madereva wa malori hawakujua. Wao wanasema ya Sumbawanga. Wakala mmoja wa forodha, kijana msomi, ndiye aliyejua. Akamwonyesha. Dereva akashukuru, akaiacha foleni ya malori ya Zambia na Kongo, akashika T9 na mashine yetu, akapita Laela, akafika Sumbawanga. Pale akaulizia Isansa. Akaambiwa na watu wema kwamba amesikia vibaya, ni Kasansa, iko bondeni Rukwa, ashuke.

Aliponipata hewani alikuwa ameshaanza kuteremka.

Mashine ilifika siku ya nne. Anayelima kahawa anajua maana ya siku nne mwezi wa sita. Tulikuwa tumekubaliana tuchume, tukiamini mashine iko njiani, na kahawa mbivu ikishachumwa inataka kupita mashine siku hiyohiyo. Siku ya pili magunia yalikuwa na joto ndani, ukiingiza mkono unatoka na utelezi na harufu kama ya pombe iliyokaa. Siku ya tatu nyekundu ilikuwa kahawia. Tulirudi kwenye mashine ya mkono, zamu kwa zamu, mchana na usiku, taa ya kandili imetundikwa kwenye mgomba. Kilichotushinda tukawauzia wachuuzi kwa ndoo, bei waliyoitaka wao. Mama mmoja mjane alipoteza karibu mavuno yake yote. Hakunisema hata neno moja, na ningependa angenisema.

Kila mtu alimlaumu dereva, na mimi niliwaacha wamlaumu kwa wiki nzima. Kisha nikamwendea baba mdogo nikamweleza nilichosema kwenye simu, neno kwa neno. Alisikiliza huku akimenya muwa.

"Ulimwambia kitu cha kweli," akasema.

"Ndiyo."

"Yeye alikuwa anaona nini kwenye kioo cha mbele? Uliona T1 imeandikwa wapi kutoka Mbeya mpaka hapa?" Nikafikiri. Sikukumbuka kibao hata kimoja alichoweza kukiona usiku ule chenye herufi hiyo. "Ungemwambia, ukiona kibao cha Kimondo, punguza mwendo, sisi ni wa Mbozi. Na ukikuta mizani ya Mpemba, umetupita, geuza. Dereva mpe kitu kitakachomjia mbele ya macho. Zaidi ya yote mpe kitu kitakachomwambia kwamba amekosea."

Akarudi kwenye muwa wake. Nikalikumbuka jiwe. Ukikuta 44.

Tangu hapo nimekuwa nikiwasikiliza watu wanavyoelekeza, na nimegundua kwamba wataalamu ni akina mama wa sokoni. Mama wa sokoni hatakwambia tu pa kukata. Atakwambia na utakachokiona ukishapitiliza. "Ukiliona kanisa, umeshapotea, rudi." Nimesafiri na simu zenye ramani zinazoongea, na bado hazijafika hapo. Zinajua ulipo, lakini zinakuambia umepotea kwa sauti ileile ya upole zinayotumia kukuambia umefika.

Ningeweza kuishia kuzidharau namba, kama Injinia asingenikalisha chini. Nilipoanza kusema kijiweni kwamba T na R ni mambo ya maofisini, alikasirika kweli. "Unajua kwa nini greda linapita njia moja na haliji nyingine?" Akaeleza. TANROADS, iliyoanza mwaka 2000, inashika barabara kuu, zenye T, na za mikoa, zenye R. Zilizobaki, za wilaya na vijiji, ziko chini ya TARURA tangu 2017. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri. Fedha za Mfuko wa Barabara, zile tunazokatwa kwenye kila lita ya mafuta, kwa muda mrefu zimegawanywa asilimia 70 kwa wa kwanza na 30 kwa wa pili, na hao wa pili ndio wenye barabara nyingi zaidi. "Sasa wewe dharau herufi. Wabunge wanasimama Dodoma kila mwaka kuomba barabara zao zipandishwe hadhi. Wanaomba nini? Wanaomba herufi."

Hapo ndipo nilipomwelewa Mwalimu na barabara yake ya Stevenson.

Tuliamua angalau tuwe na kibao. Kimondo, jiwe lililoanguka kutoka mbinguni na halijawahi kulima hata mche mmoja, lina kibao chake kwenye barabara kuu, sisi hatuna. Tukanunua bati, fundi akatuandikia ISANSA kwa rangi nyeusi na mshale, tukachimbia bomba la chuma pale njia panda. Wiki ya tatu akaja bwana kutoka ofisi fulani, akatuambia tumekiweka ndani ya hifadhi ya barabara. Alikuwa sahihi: sheria ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi mpaka meta 30 kila upande kutoka katikati. Tukapima kwa kamba, tukakisogeza, kikaishia ndani ya shamba la mahindi la mtu, ambako kilisomwa na kunguru mpaka mavuno.

Kilipoanza kuonekana, kiliibwa. Bomba na bati vyote, bila shaka vikaenda kwenye chuma chakavu. Cha pili tulikitoboa matundu kwa msumari kisifae kitu, nacho kikaondoka na matundu yake. Cha tatu ni ubao wa mkaratusi, mzito, herufi zimechongwa kwa patasi na kupakwa rangi nyeupe. Hicho kipo. Wezi wa kuni bado hawajafika kiwango hicho.

Januari 2016 tukawa Mkoa wa Songwe, tumegawanywa kutoka Mbeya, na makao makuu yakawa hapohapo Vwawa. Pale Mpemba barabara ya kwenda Isongole, Ileje, karibu kilometa 50, ikapata lami. Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kikafunguliwa, na madereva waliozoea kupika ugali chini ya trela wakisubiri foleni wakaanza kulalamikia mambo mengine. Kijiwe kilijadili yote hayo kwa wiki kadhaa, na Injinia akachora vumbini mpaka kijiti kikaisha.

Mwaka jana nilimchukua baba mdogo kwa gari kumpeleka kliniki. Macho yamepungua, magoti hayataki, lakini aliomba akae mbele. Tulipofika njia panda akaniambia nisimame. Jiwe letu la 43 liliondoka zamani, wakati wa matengenezo mojawapo ya barabara, na nilidhani anataka kulitafuta. Kumbe alikuwa anakitazama kibao. Chini ya ISANSA watoto wa shule walikuwa wameandika kwa mkaa, herufi zimepinda lakini kubwa.

"Nisomee," akasema.

"T1 ndogo."

Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongoni. Kama baba mdogo, akasema. Nilikuwa na kopo la rangi nyeupe nyuma ya gari, na brashi, nililonunua wiki hiyohiyo kwa ajili ya kibao. Akaniuliza tunasubiri nini, daktari anaondoka saa sita. Nikaingiza gia tukaingia kwenye lami, na yeye akageuza uso dirishani, midomo ikicheza taratibu kila tulipopita jiwe jeupe kwenye majani.